Andalusia: Nguzo, Maji na Watunzaji Wake

Andalusia hutajwa sana katika mawaidha yetu, na mara nyingi hutajwa kwa huzuni. Khatibu anapotaka kuwaonya waumini juu ya mfarakano, humleta mbele yao mfalme wa mwisho wa Granada, akigeuka nyuma kuutazama mji alioupoteza, na msikiti mzima huinamisha vichwa. Hatuna ugomvi na mawaidha hayo. Lakini mwezi wa Aprili tulikwenda kuitazama nchi yenyewe kwa siku kumi, kusini mwa Hispania, na tulichokiona ni kwamba haikuketi ikisubiri machozi yetu. Mengi waliyoyaacha waliotutangulia yangali yanafanya kazi, na yanafanya kazi kwa sababu kuna watu wanaoyahudumia. Wengi wa watu hao si Waislamu. Tumeona tuwaandikie wasomaji wa kurasa za familia habari hiyo, pamoja na maelezo machache ya njia kwa anayekusudia kwenda.

Tulikuwa watu 12: familia tatu za jamaa wanaosali msikiti mmoja hapa Tanga, watoto watano, na Bibi mmoja wa miaka 71, ambaye ni bibi wa damu kwa watoto wawili na bibi wa heshima kwa sisi sote. Fedha tulizikusanya kidogo kidogo kwa miaka miwili. Viza inayohitajika ni ile ya Schengen; utaulizwa taarifa za benki, uthibitisho wa mahali pa kulala, na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Anayetaka kwenda na aanze kushughulika miezi mitatu kabla, maana karatasi za mtoto mmoja zikikosekana familia nzima hukaa.

Aprili tuliichagua kwa makusudi. Kiangazi cha Cordoba hupanda hadi kupita nyuzi 40 za joto, na hilo si jambo la kumfanyia mtu mzima wa miaka 71. Aprili hewa ni ya kadiri, michungwa ya barabarani imechanua, na milima bado ina theluji. Jambo moja tu liliwatatiza watoto. Sisi wa pwani tumezoea Magharibi ya saa 12 na nusu jioni. Huko, katikati ya Aprili, jua huzama karibu saa 3 kasoro robo usiku. Ratiba ya kula na kulala ikabidi ipangwe upya, kwani baada ya Isha hakuna mtoto aliyebaki na nguvu ya kutembea.

Kutoka Madrid tulipanda treni ya mwendo wa kasi, na kabla ya saa mbili kutimia tulikuwa Cordoba, ile Qurtuba ya vitabuni. Aliyesoma chuo atautambua mji huu kabla ya kushuka kwenye treni. Ibn Hazm alizaliwa hapa. Ibn Rushd alizaliwa hapa, na sanamu yake imewekwa kando ya ukuta wa mji wa kale. Imamu al-Qurtubi, ambaye tafsiri yake ya Qur'ani imo katika makabati ya madrasa zetu, alikulia hapa, kisha akahama mji ulipotekwa na kumalizia maisha yake Misri. Tumekuwa tukilitamka jina la mji huu miaka yote tulipokuwa tukitaja jina la mwanachuoni huyo, na wengi wetu hatukuwahi kufikiri kwamba ni mahali penye daraja, mto na kituo cha treni.

Msikiti mkuu wa Cordoba ulianzishwa mnamo mwaka 785 na Abdurrahman wa Kwanza, kijana wa ukoo wa Umayya aliyeponea chupuchupu pale jamaa zake walipouawa Sham, akavuka Afrika ya Kaskazini yote hadi kuufikia mji huu. Waliomfuata waliupanua mara kadhaa katika karne mbili, hata ukafikia nguzo zaidi ya 850. Mmoja wa vijana wetu alianza kuzihesabu, akafika 90 na kitu, akachanganyikiwa na kuacha. Si ajabu. Ukisimama katikati, nguzo hujipanga mbele yako kila upande kama minazi ya shamba lililopandwa kwa kamba.

Tunaomba tukae kidogo kwenye nguzo hizo, kwa sababu ndani yake mna elimu ya ujenzi. Nyingi ziliokotwa kwenye magofu ya Warumi na ya watawala waliofuata, na hazilingani rangi wala urefu. Nguzo fupi haiwezi kubeba paa la jengo kubwa bila jengo hilo kuwa na giza na joto. Mafundi hawakuzitupa. Walisimamisha juu ya kila nguzo mhimili wa pili, wakaunganisha nguzo na nguzo kwa tao mbili, moja chini na moja juu yake, zikipishana matofali mekundu na mawe meupe. Paa likainuka na hewa ikapita. Uzuri ambao dunia nzima huja kuupiga picha ulitokana na watu waliokuwa na vifaa visivyotosheleza.

Mihrabu ni ya zama za al-Hakam wa Pili, katika karne ya 10, imepambwa kwa vipande vidogo vya kioo na dhahabu vilivyopachikwa na fundi aliyetoka kwa mfalme wa Rumi wa Konstantinopoli. Mbele yake kuna uzio wa chuma. Kisha ukigeuka na kutembea hadi katikati ya jengo, unakutana na kanisa kuu lililochomoza ndani ya msitu wa nguzo, lililoanza kujengwa mwaka 1523. Mji ulitekwa mwaka 1236 na jengo likafanywa kanisa mwaka huohuo, lakini kwa karibu miaka 300 lilitumiwa bila kubadilishwa sana. Askofu alipotaka kubomoa sehemu ya katikati, baraza la mji, la Wakristo watupu, lilipinga vikali, hadi shauri likafika kwa Kaisari Charles wa Tano, naye akaruhusu. Tuliwaeleza watoto hilo waziwazi, kwa kuwa ni haki kusema kwamba walikuwako Wakristo wa Cordoba waliousimamia msikiti usivunjwe.

Sasa tuje kwenye jambo gumu. Ndani ya jengo hilo Muislamu haruhusiwi kusali. Walinzi wapo, na si wa mapambo. Mwaka 2010 kundi la vijana wa Kiislamu kutoka Austria lilijaribu kusali, kukatokea vurugu na wengine wakakamatwa. Kabla ya kuingia tulikaa katika Ua wa Michungwa, pale zamani watu walipotawadha, tukashauriana. Mmoja wa wenzetu alisema hawezi kununua tiketi ya kuingia nyumba iliyojengwa kwa ajili ya sijida kisha azuiwe kusujudu. Tiketi ni zaidi ya euro kumi kwa mtu mzima. Hatukumshurutisha, alibaki uani na kitabu chake, na hakuna aliyemsuta. Sisi wengine tuliona kwamba anayenunua tiketi amekubali masharti ya mwenye kuitoa, na Muislamu hafungi mkataba mlangoni akauvunja ndani. Rai zote mbili zina heshima yake. Tusilolikubali ni ile ya tatu, ya kuingia ili kuonyesha ushujaa mbele ya kamera.

Mbele ya mihrabu Bibi alituuliza kwa sauti ya chini, "Wanangu, na dua ya moyoni nayo ina tiketi?" Tukamwambia hiyo hakuna anayeizuia. Akasimama pale kitambo kirefu, mikono yake ndani ya kanga. Alipotoka hakusema lolote juu ya dhahabu wala vioo. Alisema, "Wanapafagia vizuri."

Neno hilo lilitukaa, pengine kwa sababu ya kazi tunayoifanya katika kamati ya msikiti, ambako nusu ya vikao ni kuhusu ufagio, bomba na paa. Jengo hili limekuwa kanisa kwa muda mrefu kuliko lilivyokuwa msikiti, na halikubaki kwa bahati. Misikiti mingine mingi ya Cordoba haipo tena. Huu umebaki kwa kuwa katika kila karne kuna mtu aliyeziba pale paa lilipovuja. Na kuna habari nyingine ambayo tunaitoa kwa makusudi kwa wanakamati wenzetu wanaosoma gazeti hili. Mwaka 2006 dayosisi ya Cordoba iliandikisha jengo hilo kwa jina lake katika daftari la miliki, kwa ada ya euro 30. Wako raia wa Hispania wanaolipinga jambo hilo hadi leo, wakidai kwamba jengo ni mali ya umma. Hatuingii katika kesi ya watu. Tunauliza tu: katika misikiti yetu ya wakfu, ni mingapi ambayo hati ya kiwanja iko mkononi, na ni mingapi inayotegemea kumbukumbu ya mzee mmoja aliye hai?

Kilomita chache magharibi mwa mji kuna magofu ya Madinat az-Zahra, mji wa kifalme ulioanzishwa na Abdurrahman wa Tatu katika karne ya 10 na kuangamizwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kabla haujatimiza miaka 80. Walioubomoa walikuwa Waislamu. Sehemu kubwa bado imo ardhini. Jumba la makumbusho lililo chini ya kilima ni la kisasa na lilipata tuzo ya usanifu ya Aga Khan mwaka 2010. Saa tatu zinatosha kwa vyote viwili, na chukueni maji na kofia.

Kuhusu chakula, wasomaji wa kike walituagiza tusiwasahau. Nguruwe yuko kila mahali. Mapaja yaliyokaushwa kwa chumvi huning'inia dukani kama mikungu ya ndizi, na vipande vyake hunyunyizwa hata juu ya supu baridi ya nyanya ambayo kwa jina haina nyama. Biskuti nyingi za kienyeji hukandwa kwa mafuta yake. Kwa hiyo jifunzeni maneno mawili kabla ya mengine yote, *jamón* na *manteca*, na ulizeni kila mara. Nje ya hapo mtu hafi njaa: samaki wa kukaanga, dengu, mchicha uliopikwa na njegere kavu, mkate na mafuta ya zeituni. Watoto wetu walipenda kuliko vyote biringanya za kukaanga zilizomiminiwa asali ya miwa. Muwa wenyewe uliletwa huko na Waislamu, na kandokando ya bahari ya Granada ulilimwa kwa karne nyingi. Granada kuna migahawa ya halali, mingi ikiwa ya Wamorocco.

Granada, yaani Gharnata, tulifika kwa basi chini ya saa tatu, tukipita mizeituni isiyo na mwisho. Tulipanga chumba Albaicín, mtaa wa kale uliopanda mlimani, wenye vichochoro ambavyo aliyezoea Mji Mkongwe wa Zanzibar hatapotea ndani yake kwa muda mrefu. Nyumba zimegeuza mgongo njiani na kuficha bustani ndani. Hapo juu, karibu na uwanja ambao watalii wote huenda kutazama jua likizama, kuna msikiti uliofunguliwa mwaka 2003. Umejengwa na Wahispania waliosilimu, ambao walikitafuta kiwanja, wakachangisha na kuvumilia mabishano ya vibali kwa zaidi ya miaka 20. Bustani yake iko wazi kwa kila mgeni, na inatazamana na Alhambra ng'ambo ya bonde. Hapo Bibi alisali rakaa zake kwa raha zake. Adhana tuliisikia kwa sauti ya mtu tu, bila kipaza sauti, na majirani wakiendelea kumwagilia maua yao.

Alhambra ina masharti yake. Tiketi hukatwa kwa jina na namba ya pasipoti, huisha wiki nyingi kabla, na ile ya kuingia majumba ya wafalme ina saa yake maalumu, ukichelewa umekosa. Tuliingia saa 3 asubuhi. Watu wengi huenda kwa ajili ya kuta, na kuta kweli zinastahili: maneno ya kwamba hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu yamechongwa mara nyingi mno kiasi kwamba jicho huacha kuyaona. Sisi tulivutwa zaidi na maji. Kilima cha Alhambra ni kikavu. Wafalme wa Banu Nasr, kuanzia mwasisi wao Ibn al-Ahmar katika karne ya 13, waliyateka maji ya mto Darro kilomita kadhaa juu bondeni na kuyaleta kwa mfereji unaofuata ubavu wa mlima, ukishuka kwa kipimo kidogo sana, bila pampu. Maji hayo ndiyo yanayotoka vinywani mwa simba 12 wa mawe katika ua maarufu, ambao bakuli lao limechongwa mashairi ya waziri Ibn Zamrak. Ndiyo yanayoteremka katika vishikio vya ngazi pale Generalife, ambapo mtu huweza kuweka kiganja akashuka nacho pamoja na maji. Watoto walipanda na kushuka ngazi hiyo hadi mlinzi akatabasamu.

Granada ina undugu na sisi ambao watu hawaujui. Ibn Battuta aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 alizuru Granada karibu miaka 20 baadaye, na huko alikutana na kijana mwandishi aitwaye Ibn Juzayy. Miaka michache baadaye, mjini Fez, msafiri alisimulia na huyo mwana wa Granada akaandika. Kwa hiyo sifa za Kilwa tunazozinukuu kila siku zimetufikia kupitia kalamu ya mtu wa Granada. Na kuna kiungo kichungu: Francisco de Almeida, aliyeipora Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505, alijipatia jina katika vita vya kuiteka Granada, mji uliosalimu amri Januari 2, mwaka 1492. Mkataba wa kusalimu amri uliwaahidi Waislamu dini yao. Haukutimia miaka kumi kabla ya kuvunjwa.

Lugha nayo ilitushangaza. Mhispania husema *azúcar*, *azafrán*, *limón*, nasi twasema sukari, zafarani, limau. Mtu asiyemjua jina humwita *fulano*. Neno lao la "mpaka" ni *hasta*, ambalo ni ile "hatta" ya Kiarabu tuliyoifanya "hata". Tangi la maji ni *alberca*, na mzee yeyote wa pwani aliyetawadha kwenye birika la msikiti wa zamani atalitambua. Kwenye basi watoto walifanya mchezo wa kuyatafuta, na ulidumu siku tatu.

Siku mbili za mwisho tulizitenga kwa ajili ya milima. Kusini mwa Granada kuna Sierra Nevada, yenye kilele cha Mulhacén cha mita 3,479, kinachobeba jina la Mulay Hasan, baba wa mfalme yule wa mwisho. Upande wake wa kusini ni Alpujarra. Tulilala Pampaneira, kijiji kilichopachikwa kwenye korongo, juu yake Bubión, na juu zaidi Capileira. Nyumba ni nyeupe, zenye paa bapa la udongo wa kijivu uliopondwa, kama zile za vijiji vya milimani Morocco. Theluji ilionekana juu, karibu ya kushikwa, na chini yake matuta ya mashamba, ngazi juu ya ngazi.

Huku ndiko Waislamu waliolazimishwa kubatizwa walikoasi mwaka 1568, baada ya kukatazwa lugha na mavazi yao. Walishindwa, wakatawanywa, na walowezi wakaletwa kutoka kaskazini kujaza vijiji vitupu. Wenyeji husimulia kwamba katika kila kijiji familia mbili za wakazi wa zamani ziliachwa, ili ziwafundishe wageni jinsi ya kuendesha maji. Maana bila maji yale mlima hauliki. Mifereji huyachukua maji ya theluji inapoyeyuka na kuyamwaga kwa makusudi mahali ambapo ardhi hunywa. Yanazama mlimani, yanatembea polepole chini ya ardhi, na kutokea kwenye chemchemi za chini miezi ya kiangazi, wakati theluji imekwisha na mashamba yana kiu. Mlima wenyewe ndio ghala. Mifereji mingi ilitelekezwa vijana walipohamia mijini, na sasa watafiti wa Chuo Kikuu cha Granada pamoja na watu wa kujitolea wanaifukua upya kwa majembe.

Asubuhi ya mwisho, njiani kuelekea Bubión, tulimkuta mzee amesimama kwenye mfereji, maji yakimfika magotini, akiondoa majani na mawe. Ustadhi wetu, ambaye Kihispania chake hakikuzidi salamu, alionyesha mfereji na kuuliza kwa ishara unaitwaje. "*Acequia*," akajibu mzee. "Saqiya," akasema ustadhi. Mzee akarudia, "Saqiya," akacheka, na akampa kijana wetu mkubwa jembe lake. Wakafanya kazi pamoja kama dakika 20, bila maneno mengi. Kisha mzee akatazama saa yake, akainua kilango cha bati, na maji yakageukia shambani kwake kwa kelele. Zamu yake ilikuwa hadi saa sita mchana. Baada ya hapo maji yalikuwa ya jirani.